Muundi, kidari, mkia au shingo: nyama ipi ya bei nafuu inafaa rosti ya moto mdogo?

Anayeingia buchani kutafuta nyama ya rosti kwa kawaida huulizwa swali moja tu: steki au mchanganyiko? Swali hilo linaficha uchaguzi mkubwa, kwa sababu ndani ya huo mchanganyiko mna shingo, mbavu, kidari, bega na miguu, na kila sehemu huiva kwa muda wake, hutoa mchuzi wa aina yake na humwachia mpishi kiasi chake cha mifupa na mafuta. Hapa tutalinganisha sehemu nne ambazo huuzwa kwa bei ya chini kuliko steki, au zilikuwa zikiuzwa hivyo hadi miaka ya karibuni, kisha tutalinganisha namna na vyombo vya kuzipikia polepole hadi ziwe rosti nzito ya kuliwa kwa ugali, wali, chapati au ndizi. Niseme mapema ninakoegemea: kwa familia nyingi muundi ndio chaguo bora, na steki haifai kwa kazi hii hata pale ambapo fedha ipo.

Kwa nini steki hushindwa

Nyama inapopata joto, misuli yake hujikunja na kukamua maji, na hali hiyo huonekana wazi joto la ndani likipita nyuzijoto 60. Steki ya mapajani au ya mgongoni haina kitu kingi cha kufidia maji hayo, ndiyo maana ikikaa motoni saa mbili hutoka ikiwa kavu na yenye nyuzinyuzi zinazonasa menoni, hata kama imezama kwenye mchuzi. Sehemu za mwili zinazofanya kazi nzito, yaani miguu, shingo, kifua na mkia, zimejaa kano na utando mweupe uliojengwa kwa kolajeni. Kolajeni ikipikwa kwenye unyevu kwa saa kadhaa, hasa joto likiwa juu ya nyuzijoto 80, huyeyuka na kuwa jelatini, na jelatini hiyo ndiyo hulainisha kila kipande na kuupa mchuzi uzito bila kutia unga wala nyanya ya kopo kupita kiasi. Kwa maneno mengine, kile kinachoifanya nyama hii iwe ngumu kwenye mishkaki ndicho kinachoifanya iwe tamu kwenye rosti, na bei yake ndogo inatokana na muda inaoudai.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya upishi kutoka Ulaya na Marekani havikuliweka katika hesabu. Ng'ombe wengi wanaochinjwa Tanzania na Kenya ni wa asili wenye nundu, wanaotembea umbali mrefu kutafuta malisho na maji, na mara nyingi huchinjwa wakiwa wamekomaa. Kadiri mnyama anavyozeeka, kolajeni yake hujifunga zaidi na huchelewa kuyeyuka. Kwa hiyo maelekezo yanayosema saa mbili, yaliyoandikwa kwa ajili ya ng'ombe mchanga aliyenenepeshwa zizini, yaongezewe nusu saa hadi saa nzima kwa nyama ya kwetu.

Jambo lingine ni kwamba nyama ya bucha za mitaani huuzwa siku ileile ya kuchinjwa, wakati misuli ingali imekakamaa. Mwenye friji akiipumzisha siku moja au mbili kabla ya kuipika atapata nafuu ya kweli. Asiye na friji asijaribu kuipumzisha mezani, hasa katika joto la pwani. Aipike siku hiyohiyo na auongeze muda.

Muundi

Muundi ni nyama ya mguu chini ya goti, na hukatwa vipande vya mviringo vyenye mfupa katikati, ndani yake mkiwa na uboho. Ukikiangalia kipande kibichi utaona mistari myeupe inayong'aa ikipita katikati ya nyama nyekundu kama mizizi. Hiyo ndiyo kano, na baada ya saa tatu za moto mdogo hugeuka kuwa kitu laini chenye kung'aa kinachoteleza mdomoni. Mafuta yake ni kidogo sana, na hapo ndipo muundi unapozizidi sehemu nyingine zote katika ulinganisho huu: mchuzi wake huwa mzito kwa jelatini bila kuelea mafuta juu. Vipande vyake havisambaratiki ovyo, kwa hiyo hata mpishi aliyezidisha nusu saa bado atapakua nyama na si nyuzinyuzi.

Ukatwaji una maana kubwa. Mfupa wa muundi ukipasuliwa kwa shoka hutoa vibanzi vyembamba ambavyo hujificha kwenye mchuzi na vinaweza kumkwaruza mtoto kooni. Mwombe muuzaji atumie msumeno pale anapokuwa nao, na akate vipande vyenye unene wa sentimita nne hadi tano. Ikiwa ni shoka tu, vioshe vipande kimoja kimoja kwa maji baridi huku ukipitisha kidole kandokando ya mfupa, kisha uvikaushe vizuri.

Kuhusu bei, pana hesabu ambayo wanunuzi wengi hawaifanyi. Katika kilo moja ya muundi wenye mfupa, theluthi moja au zaidi huwa ni mfupa wenyewe, na nyama inayobaki hupoteza takribani theluthi nyingine ya uzito wake inapoiva. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya muundi wenye mfupa ni shilingi 10,000 na usio na mfupa ni shilingi 13,000. Ule wenye mfupa unakupa gramu 650 hivi za nyama mbichi, maana yake kilo halisi ya nyama unainunua kwa zaidi ya shilingi 15,000. Kama unalisha watu wengi na unatazama nyama sahanini, usio na mfupa ni nafuu zaidi japo bei yake kwa kilo iko juu. Kama unataka mchuzi wenye kina, na nyumbani kwako wapo wanaogombea uboho, lipia mfupa bila kujuta. Ninachokipendelea ni kuchanganya: sehemu mbili bila mfupa na sehemu moja yenye mfupa katika sufuria moja.

Kidari

Kidari ni nyama ya kifua. Nyuzinyuzi zake ni ndefu na zimelala upande mmoja, na juu yake pana tabaka la mafuta. Katika ladha ya nyama tupu kidari kinaushinda muundi, kwa sababu mafuta yake hubeba harufu ya bizari na viungo vizuri zaidi, na ndiyo maana kinapendeza kwenye rosti yenye mdalasini, hiliki na pilipili manga. Udhaifu wake ni kwamba kinahitaji mkono makini. Kikikatwa vipande vidogo kabla ya kupikwa hukauka kingo. Kinapaswa kuiva kikiwa kipande kimoja kikubwa au viwili, kwa saa tatu na nusu hivi, ndipo kikatwe kwa kukingama na nyuzinyuzi zake. Mafuta yanayotoka ni mengi, na kama yasipoenguliwa mchuzi huwa mzito kwa namna isiyopendeza na huganda sahanini pindi chakula kinapopoa. Kwa mlo wa familia wa siku ya kazi kidari kinasumbua. Kwa wageni, au kwa yule anayeweza kupika leo na kula kesho, kinastahili kufikiriwa sana.

Mkia

Hakuna sehemu inayotoa mchuzi mzuri kuliko mkia, na sioni haja ya kubishana juu ya hilo. Kila pingili imezungukwa na gegedu na utando, na mchuzi wake ukipoa huganda kama halua. Tatizo ni fedha. Karibu nusu ya uzito wa mkia ni mfupa, na baada ya kuiva kilo moja inaweza kukupa gramu 300 hadi 350 tu za kitu kinacholika, kiasi cha kuwatosha watu wawili au watatu. Zamani mkia ulihesabiwa miongoni mwa nyama za hali ya chini. Leo, katika nchi nyingi, umepanda bei hadi kulingana na steki au kuipita, na Waswahili waishio Uingereza na Marekani wanalijua hilo vyema kuliko sisi. Isitoshe kila ng'ombe ana mkia mmoja, kwa hiyo anayeutaka hana budi kumwagiza muuzaji mapema. Ukiupata kwa bei ya mchanganyiko, uchukue bila kusita. Ukiuzwa kwa bei ya steki, unaweza kuukaribia utamu wake kwa njia nyingine ambayo nitaieleza hivi punde.

Shingo

Shingo ni ya bei nafuu, hupatikana kila siku na huiva mapema kidogo, saa mbili na nusu hadi tatu. Ladha yake ni nzuri. Kasoro yake ni kwamba vipande havilingani: kimoja ni nyama tupu, cha pili ni mfupa wenye pembe, cha tatu ni utando, na baadhi huiva huku vingine vikidai muda. Kwa rosti ya kuchambua nyama na kuirudisha kwenye mchuzi, au kwa mtori ambao nyama itapondwapondwa pamoja na ndizi, shingo haina mpinzani. Kwa sahani ambayo kila mtu anatazamia kupata kipande cha heshima, chagua muundi.

Na hii ndiyo ile njia niliyoahidi: tia kipande kimoja cha kongoro, yaani mguu wa ng'ombe wenye kwato, kiasi cha gramu 300, katika sufuria ya shingo au ya bega. Kongoro peke yake hudai saa tano au sita na hutoa nyama kidogo mno, lakini likitangulizwa motoni saa mbili kabla ya nyama, huupa mchuzi ule mnato wa mkia kwa sehemu ndogo ya gharama.

Kuchemsha kwanza au kukaanga kwanza?

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki huchemsha nyama kwanza kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, kisha huikaanga na kuiunga kwa vitunguu na nyanya. Njia ya pili ni kukaanga nyama mbichi hadi igeuke kahawia, kuunga viungo, kisha kuongeza maji na kuiachia moto mdogo. Kila njia ina hoja yake, na si kweli kwamba moja ni ya kisasa na nyingine imepitwa.

Kuchemsha kwanza kunampa mpishi nafasi ya kuengua povu, kuhakikisha nyama imelainika kabla hajatumia nyanya na viungo vyake, na kutenga kibakuli cha supu kwa ajili ya mtoto au mgonjwa. Kwa kongoro, na kwa nyama ya mnyama mzee ambaye hujui atadai saa ngapi, njia hii ni salama zaidi. Hasara yake huja mwishoni, kwani nyama iliyokwisha kulainika ikikaangwa tena hukauka nje na kupoteza ule ulaini uliosubiriwa kwa saa tatu. Anayeifuata njia hii aunge mchuzi pembeni, kisha aingize nyama pamoja na supu yake na kuiacha itokote dakika 20 bila kuikaanga.

Kukaanga kwanza kunaleta ladha ambayo maji hayawezi kuileta, kwa sababu rangi ya kahawia na harufu yake hutokea uso wa nyama unapopita nyuzijoto 140 hivi, ilhali maji hayapiti 100. Masharti ni mawili: nyama iwe kavu, na vipande visisongamane. Sufuria ikijazwa, nyama hutoa maji, hujichemsha ndani ya maji yake na kuwa ya kijivu. Kwa kilo moja na nusu, kaanga kwa awamu tatu. Ukoko wa kahawia unaobaki chini usioshwe. Vitunguu vikitiwa hapo pamoja na maji kidogo utaachia, na rangi yote ya mchuzi itatoka humo. Kwa muundi, mkia na kidari naichagua njia hii kila mara.

Papai bichi, ambalo watu wa pwani hulitumia kulainisha nyama, lina nafasi yake kwenye mishkaki inayokaa motoni kwa dakika chache. Kwenye rosti ya saa tatu halihitajiki, na linaweza kuufanya uso wa nyama kuwa kama uji kabla kano za ndani hazijayeyuka. Nyanya na ukwaju havizuii nyama kulainika, ila huchelewesha viazi. Kwa hiyo viazi vikatwe vikubwa, vitiwe katika dakika 40 za mwisho, na visihukumiwe kabla ya muda huo.

Chombo gani, na moto gani?

Jiko la mkaa na sufuria nzito yenye mfuniko unaobana bado ni jozi nzuri sana kwa kazi hii, kwa kuwa moto wa mkaa hupungua wenyewe taratibu baada ya ule ukali wa mwanzo, na mpishi anaweza kuutuliza zaidi kwa kufunika makaa kwa majivu. Mchuzi unaotokota sawasawa huinua kiputo kimoja hapa na kingine pale. Ukichemka kwa kishindo nyama hukakamaa na mchuzi hupaa. Lakini mkaa una gharama mbili ambazo bei ya gunia haizionyeshi: moshi na hewa ya sumu katika jiko lisilo na dirisha, na misitu inayokatwa. Tanzania imejiwekea katika mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na chakula cha saa tatu motoni ndicho kinachomfanya mtu afikirie mkaa kwanza. Kwa hiyo ulinganisho wa vyombo si anasa.

Gesi ni safi na hutii mkono, ila majiko mengi madogo ya gesi huwa na moto mkali hata yakishushwa hadi mwisho. Saa tatu za gesi kwa sufuria moja pia zinauma mfukoni. Mwenye gesi pekee afikirie presha.

Sufuria ya presha, iwe ya kuwekwa jikoni au ya umeme, hupandisha joto la maji hadi karibu nyuzijoto 120, au chini kidogo katika nyingi za umeme, na kolajeni huyeyuka kwa muda mfupi zaidi: muundi dakika 45 hadi 50, shingo 40 hadi 45, mkia na kidari kama saa nzima, kongoro saa moja na nusu. Faida yake huongezeka kadiri unavyopanda mlima. Kila mita 300 za mwinuko hushusha kiwango cha kuchemka kwa nyuzijoto moja hivi, kwa hiyo maji yanayochemka kwa 100 Mombasa au Dar es Salaam huchemka kwa takribani 94 Nairobi na Mbeya, na rosti ya saa tatu pwani inaweza kudai saa tatu na nusu huko juu. Presha huifuta tofauti hiyo kwa kiasi kikubwa.

Presha nayo ina adabu zake. Maji hayapungui ndani yake, kwa hiyo tia kiasi cha kufika nusu ya kimo cha nyama tu, na ukimaliza acha wazi mchuzi upungue kwa dakika 15. Nyanya nzito ikitiwa chini huungua. Iweke juu ya nyama bila kukoroga. Na usiachie mvuke wote kwa mkupuo, kwa kuwa mchuzi hulipuka kuchemka na nyama hukamuliwa unyevu wake dakika ileile ambayo ingepaswa kutulia. Acha presha ishuke yenyewe kwa robo saa. Kwa ladha, sufuria ya kawaida bado inaongoza kidogo, kwa sababu mchuzi unaopungua polepole hukolea. Lakini tofauti hiyo ni ndogo kuliko wengi wanavyodai, mradi nyama ilikaangwa vizuri mwanzoni.

Oveni, kwa walio nayo, ni rafiki wa kidari. Weka chungu chenye mfuniko kwenye nyuzijoto 150 hadi 160, na joto litakizunguka chungu pande zote bila kuunguza chini. Kwa sufuria moja tu, hata hivyo, ni matumizi makubwa ya umeme.

Kipo pia kikapu cha kuhifadhi joto, ambacho hakisifiwi inavyostahili. Sufuria iliyojaa, iliyochemka kwa dakika 30 baada ya kukaanga, ikifunikwa vyema ndani ya kikapu chenye matandiko manene huendelea kujipika kwa saa tatu au nne bila moto wowote. Kinafaa shingo na bega zaidi kuliko muundi. Sharti lake ni kwamba sufuria iwe kubwa na imejaa, isifunguliwe katikati, na chakula kichemshwe tena kikamilifu kabla ya kuliwa. Kikitoka kikiwa vuguvugu tu, kiliachwa muda mrefu mno, na si salama.

Kujua imeiva, na kuitunza

Katika saa ya kwanza na nusu nyama hizi zote huwa ngumu kuliko zilivyoanza, na hapo ndipo wapishi wengi hukata tamaa na kuongeza moto. Usiongeze. Muundi umeiva pale mfupa unapozunguka ndani ya nyama ukiusukuma kwa mwiko; kidari kimeiva pale uma unapozama na kutoka bila kukiinua; mkia umeiva pale nyama inapoachana na pingili kwa kuguswa. Shingo ihukumiwe kwa kipande chake kigumu zaidi.

Rosti ya kidari na ya mkia huwa nzuri zaidi siku ya pili, kwa kuwa mafuta huganda juu na kuondolewa kwa kijiko kwa urahisi. Muundi, usio na mafuta mengi, unaweza kupakuliwa siku ileile bila kupoteza chochote. Anayepanga kulaza chakula asikiache nje zaidi ya saa mbili. Akigawe katika vyombo vipana vifupi ili kipoe haraka, akitie kwenye friji, na kesho yake akipashe kwa moto mdogo pamoja na maji kidogo hadi kichemke, kwa sababu mchuzi ulioganda huungua chini kabla haujayeyuka juu. Asiye na friji apike muundi au shingo kwa kiasi cha mlo mmoja, na mkia auache hadi siku ambayo watu wa kuumaliza wapo.